Wadudu Katika Vyakula Vikavu: Kusoma Dalili na Kufika Kwenye Chanzo

Anayefungua kopo la unga au mfuko wa mchele na kukuta vidudu vinatembea ndani yake huwa na hamu ya kufanya jambo la haraka: kumwaga kila kitu, au kupuliza dawa kabatini. Yote mawili yanaruka swali lenye ufumbuzi ndani yake, yaani wadudu hao ni wa aina gani na wametoka katika chakula kipi. Mwongozo huu unaanza na dalili inayoonekana kwa macho, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo, kwa sababu njia inayomaliza nondo haimfikii fukusi, na usafi wa kabati, hata uwe wa namna gani, haumgusi mdudu aliyejificha ndani ya punje.

Mbawakawa na nondo wa stoo hupitia hatua nne: yai, buu, pupa na mdudu kamili. Katika joto la nyuzi 25 hadi 33 za Selsiasi, wengi wao hukamilisha mzunguko huo ndani ya wiki 4 hadi 8. Chini ya nyuzi 15 wengi huacha kuzaliana, ingawa hawafi. Mdudu anayeonekana leo aliingia akiwa yai wiki kadhaa zilizopita, na mara nyingi aliingia pamoja na chakula chenyewe, kutoka shambani, ghalani au kiwandani. Ni haki kulisema hili waziwazi, kwa kuwa watu wengi huona aibu na kudhani kuwa wadudu ni ushahidi wa uchafu wa nyumba. Jiko safi kabisa linaweza kupata fukusi kutoka katika mfuko mmoja uliokuwa tayari na mayai.

Kabla ya kuamua lolote, toa vyakula vyote kabatini, vikiwemo vile vilivyofungwa. Mwaga kiganja kimoja cha kila chakula juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga, kisha subiri dakika chache bila kugusa. Fukusi na baadhi ya mbawakawa wengine hujifanya wamekufa wanapotikiswa, wakakunja miguu na kutulia. Aliyeangalia kwa sekunde kumi na kufunga mfuko atakuwa ameridhika bure.

Punje nzima zina matundu, na kuna vumbi chini ya chombo

Hii ndiyo dalili ya kawaida katika mchele, mahindi, ngano na mtama. Ukiona mdudu wa kahawia iliyoiva au mweusi, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 4, na kichwa chake kimerefuka mbele kama mkonga mdogo, huyo ni fukusi. Jike hutoboa punje kwa mdomo huo, hutaga yai moja ndani ya tundu, kisha huliziba kwa ute unaokauka na kufanana na punje yenyewe. Buu huanguliwa humo, hula kiini cha punje, hugeuka pupa humohumo, na hutoka akiwa mdudu kamili kwa kutoboa tundu ambalo ndilo unaloliona. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa katika uhai wake wa miezi mingi.

Maelezo hayo ndiyo sababu ya kushindwa kwa wengi. Kupepeta na kuchekecha huondoa wadudu wanaotembea na vumbi lao, lakini hakuondoi hata buu mmoja aliye ndani ya punje, na punje hiyo huonekana nzima. Mtu hupepeta, huona nafaka imekuwa safi, huirudisha kwenye debe, na baada ya wiki 4 hulalamika kwamba wadudu wameingia upya. Hawakuingia, walikuwamo.

Kinachofika ndani ya punje ni baridi kali, joto, au ukosefu wa hewa. Kwa kiasi cha nyumbani, friza ndiyo njia ninayoipendelea: weka nafaka katika mfuko uliofungwa vizuri, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa siku zisizopungua 4, na kwa furushi la kilo nyingi fanya wiki nzima, kwa sababu katikati ya furushi huchelewa sana kupoa. Ukiitoa, usiifungue mpaka irudi katika joto la chumba. Ikifunguliwa ingali baridi, mvuke uliomo hewani hugeuka matone ya maji juu ya nafaka, na unyevu huo huleta ukungu, ambao ni tatizo baya kuliko fukusi. Asiye na friza anaweza kutumia oveni kwenye nyuzi 60 kwa saa 1, nafaka ikiwa imetandazwa kwa kina kisichozidi sentimita 2 na kugeuzwa mara kwa mara, na saa hiyo ianze kuhesabiwa pale nafaka yenyewe inapofikia joto hilo. Mbegu za kupanda zisipitishwe kwenye joto, kwani uhai wake unaweza kufa pamoja na wadudu.

Ikiwa vumbi ni jingi kupita kiasi, kama kwamba mtu amesaga sehemu ya nafaka, na mdudu ana umbo la mche mviringo huku kichwa kimeinama chini ya mgongo kiasi cha kutoonekana kutoka juu, basi si fukusi bali ni mmoja wa watoboaji wa nafaka, jamii ya dumuzi. Hatua ni zilezile, ila haraka iwe kubwa zaidi, na vyombo vya mbao vichunguzwe pia, kwa kuwa dumuzi hutoboa mbao vilevile.

Maharage, kunde au choroko zina matundu ya duara

Tazama kwanza ngozi ya mbegu. Ukiona vidoa vyeupe vilivyogandishwa juu yake, hayo ni mayai au maganda yake, na mhusika ni mbawakawa wa kunde. Maharage, kwa upande mwingine, yanaweza kuwa yamebunguliwa bila kuwa na doa lolote, kwa kuwa mbawakawa wa maharage hutaga mayai yake huru katikati ya mbegu. Wote wawili wanaweza kuanza kazi yao shambani, mbegu zikiwa bado ndani ya maganda, na hivyo mavuno ya siku ya kwanza yanaweza kuwa yameshaingiliwa.

Dalili ya mapema ambayo watu hawaijui ni kidirisha: duara dogo lenye rangi tofauti kidogo kwenye ngozi ya mbegu, ambapo buu amekula mpaka karibu na uso na kuacha ngozi nyembamba tu ili mdudu kamili aisukume na kutoka. Ukiona vidirisha bila matundu, una siku chache za kutenda.

Friza hufanya kazi vizuri hapa pia. Mahali penye jua kali ipo njia nyingine ambayo naithamini sana kwa sababu haihitaji umeme: tandika plastiki nyeusi juu ya ardhi kavu, tandaza kunde kwa safu nyembamba, funika kwa plastiki inayopitisha mwanga, na ubane kingo zote kwa mawe ili hewa ya moto isitoke. Katika jua la mchana joto chini ya kifuniko hupanda kiasi cha kuua mayai, mabuu na wadudu kamili ndani ya saa chache. Kuanika wazi bila kifuniko hakutoi matokeo hayo, kwani wadudu kamili hukimbia na mabuu hubaki ndani.

Kwa kunde za kula, mililita 5 za mafuta ya kupikia kwa kila kilo 1, yakichanganywa mpaka kila mbegu ing'ae, huziba hewa ya mayai yaliyogandishwa kwenye ngozi. Kwa maharage makavu kuna hila ya ajabu kwa urahisi wake. Buu mchanga huhitaji karibu siku nzima kutoboa ngozi ngumu ya harage, na hufanya hivyo akijiegemeza kwenye harage la jirani au ukuta wa chombo. Ukigeuza mtungi asubuhi na jioni, egemeo lake huvunjika kila mara, naye hufa kwa kuchoka kabla hajaingia. Hila hii haimwondoi aliyekwisha kuingia. Inazuia kizazi kinachofuata.

Unga una harufu kali na rangi iliyogeuka kuwa ya waridi

Hapa tuhuma iangukie kwa mbawakawa mwekundu wa unga au ndugu yake wa karibu. Ni wadudu bapa wa rangi ya kahawia nyekundu, wenye urefu wa milimita 3 hadi 4, wasio na mdomo mrefu. Hawawezi kuvunja punje nzima iliyo ngumu; hula unga, punje zilizopasuka na mabaki ya fukusi, ndiyo maana huonekana mara nyingi baada ya mdudu mwingine kutangulia. Miili yao hutoa kemikali ziitwazo kwinoni, na hizo ndizo zinazoleta harufu na rangi. Unga uliofikia hali hiyo utupwe. Kuchekecha kutaondoa wadudu, lakini harufu na ladha vitabaki, na mayai madogo hupita kwenye matundu ya chekeche pamoja na unga.

Ukikuta mdudu mwembamba zaidi, bapa kabisa, mwenye meno sita kama ya msumeno kila upande wa kifua, huyo ni mbawakawa mwenye meno ya msumeno. Hatoboi paketi, hupenya kupitia mkunjo uliolegea au mshono. Akionekana ndani ya paketi ambayo haijafunguliwa, tatizo ni jinsi paketi ilivyofungwa, na paketi nyingine za aina hiyo zikaguliwe.

Kuna utando kama wa buibui, au viwavi wanapanda ukutani

Utando unaoshikamanisha chembe za chakula kuwa mabonge, hasa katika karanga, matunda makavu, nafaka za kiamshakinywa na unga, hufanywa na viwavi wa nondo wa stoo. Nondo mwenyewe hutambulika akitua: sehemu ya mbele ya mabawa yake ni kijivu hafifu, na sehemu ya nyuma ni ya rangi ya shaba. Nondo hao hawali chakula. Kazi yao ni kujamiiana na kutaga, na madhara yote hufanywa na viwavi.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kuwapiga nondo wanaoruka jioni na kuona kazi imekwisha. Kiwavi aliyekomaa huacha chakula chake na kutembea mbali kutafuta pembe ya kujifunga: chini ya rafu, kwenye matundu ya misumari ya kabati, nyuma ya picha, kwenye pembe ya dari, ndani ya mifereji ya kifuniko cha chupa. Kwa hiyo mahali unapomwona kiwavi si lazima pawe karibu na chanzo. Tafuta chanzo kwa utando, si kwa kiwavi.

Mitego yenye harufu ya jike husaidia, mradi ieleweke inafanya nini. Huvuta madume tu, na jike aliyekwisha kupandwa ataendelea kutaga. Mtego ni chombo cha kupimia: ukiuhamisha kutoka kabati moja hadi jingine, idadi ya waliokamatwa itakuelekeza penye chakula kilichoingiliwa.

Kila kitu kimekaguliwa, lakini wadudu wanaendelea kuonekana

Katika hali hii chanzo kipo katika kitu ambacho mwenye nyumba hakihesabu kuwa chakula. Viungo vya kusaga, pilipili kavu, majani ya chai ya mitishamba, chakula cha mbwa au cha ndege, mbegu za bustani, maua makavu ya mapambo, mto uliojazwa nafaka kwa ajili ya kukanda mwili, chambo cha panya kilichosahauliwa nyuma ya friji: vyote hivyo hulisha wadudu. Mbawakawa wa sigara na mwenzake wa dukani, wadogo wa milimita 2 hadi 3, wa kahawia na wenye mgongo wa mviringo, hustawi hata ndani ya pilipili ambayo mtu angedhani hakuna kiumbe anayeweza kuila, na hutoboa karatasi na plastiki nyembamba bila shida.

Kagua pia nyufa za rafu na nafasi iliyo chini ya karatasi ya kutandika kabatini. Unga kidogo uliomwagikia hapo unatosha kulea kizazi kizima. Futa kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba, kisha tupa mfuko wa mashine nje ya nyumba siku hiyohiyo. Maji mengi yasimwagwe katika nyufa, kwa kuwa unga uliolowa ni chakula bora zaidi kwa wadudu kuliko unga mkavu.

Vumbi la unga linaonekana kutembea

Viumbe wadogo kiasi cha nusu milimita hadi milimita 1, weupe au wasio na rangi, ni utitiri wa unga au wadudu laini wa ukungu. Hawa huleta ujumbe mmoja: chakula au kabati lina unyevu. Dawa yao ni kukausha. Tupa kilichoingiliwa, sogeza kabati mbali na ukuta unaovuja au birika linalotoa mvuke, na ruhusu hewa ipite.

Nafaka ya kuhifadhi kwa muda mrefu inafaa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13. Kipimo rahisi ni chumvi: jaza theluthi ya chupa ya kioo iliyo kavu kwa nafaka, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika chache na uache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado uko juu ya asilimia 15 na nafaka irudi juani.

Dawa

Dawa za kupuliza zisitumike juu ya rafu zinazokaa chakula. Hazifiki ndani ya paketi, ambako ndiko wadudu waliko, na zinabaki mahali ambapo vyombo vitawekwa. Majani yenye harufu, karafuu na vitunguu saumu havina nguvu ya kuua mabuu ndani ya punje, na anayevitegemea hupoteza wiki zenye thamani.

Naomba hili lisomwe kwa makini kuliko jambo lolote jingine katika mwongozo huu. Vidonge vya kufukiza nafaka vyenye aluminiamu fosfaidi hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa. Gesi hiyo huua watu, hupenya kutoka chumba hadi chumba, na haina dawa maalumu ya kuipinga mwilini. Isitumike ndani ya nyumba wanamolala watu, wala katika stoo inayopakana na chumba cha kulala, hata kama kidonge ni kimoja na mlango umefungwa. Aliyevuta hewa hiyo apelekwe hospitali mara moja, na wengine wote watoke nje.

Kula au kutupa

Kumeza fukusi mmoja kwa bahati mbaya hakumdhuru mtu wa kawaida. Nafaka yenye matundu machache inaweza kugandishwa, kupepetwa na kuoshwa, na punje zilizoliwa ndani huelea juu ya maji zikaondolewa. Chakula chenye utando, harufu mbaya, mabonge au rangi iliyobadilika kitupwe, kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko na kupelekwa nje. Chenye ukungu kitupwe bila mjadala, na kisilishwe mifugo, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa mapishi ya kawaida.

Wadudu wamerudi ingawa vyombo ni vipya

Uliza kwanza wamerudi baada ya muda gani. Wakionekana ndani ya siku chache, kuna chanzo ambacho hakikutolewa. Wakionekana baada ya wiki 4 hadi 8, mayai au mabuu yalifungiwa ndani ya chombo kipya pamoja na chakula. Hili la pili ni la kawaida zaidi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu chombo kizuri humzuia wa nje asiingie na wakati huohuo humlinda wa ndani.

Chombo kinachofaa ni cha kioo, bati au plastiki nene, chenye mpira kwenye kifuniko. Kifuniko cha kuzungusha kisicho na mpira hakitoshi, kwani kiwavi aliyeanguliwa karibuni anaweza kupita katika mifereji yake. Chombo kisichopitisha hewa kabisa huua kwa namna nyingine: wadudu humaliza oksijeni iliyomo, huacha kula, kisha hufa. Lakini hilo hutokea tu kikiwa kimejaa hadi juu na hakifunguliwi. Nusu ya debe ikiwa tupu, au kikifunguliwa kila siku, hewa haiishi. Kwa sababu hiyo nafaka nyingi igawanywe: chombo kidogo cha matumizi ya kila siku, na vikubwa vilivyojaa ambavyo havifunguliwi kabla ya zamu yake.

Kisha usimimine kipya juu ya masalio. Maliza, osha, kausha kabisa, ndipo ujaze tena. Kila chakula kipya kipite kwenye friza kabla ya kuingia kabatini, au kikae peke yake katika chupa ya kioo yenye tarehe iliyoandikwa juu yake, mbali na vingine. Kikague kila wiki kwa kutazama chini ya chupa, ambako vumbi hujikusanya kabla mdudu hajaonekana. Zikipita wiki 8 katika joto la kawaida la chumba bila vumbi, bila utando na bila mdudu, chakula hicho kinaweza kuwekwa pamoja na vingine.